Tangazo Langu Kuhusu Risasi

Nilistaafu mwezi uliopita, na wakunga wadogo wa wodini wameniomba niwaandikie kumbukumbu zangu kabla sijasahau. Nadhani walitaka kusema kabla sijafa, ila wamelelewa vizuri. Nilipanda cheo lini na nilihamishiwa wapi, hayo hayamo humu. Yamo ndani ya faili langu, na faili langu lililiwa na mchwa pamoja na kabati lake. Nitawaeleza habari za miaka yangu ya mwanzo pale Kampala, nchi ilipokuwa mikononi mwa wanajeshi, na habari za tangazo moja nililoliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, nikiwa na kiburi kingi na akili haba.

Kwanza mjue asili ya kiburi chenyewe. Babu wa baba yangu alitoka pwani na msafara wa pembe, akafika Buganda, akaoa, akasema atarudi kwao mvua zikikatika. Mvua za Buganda hazikatiki. Sisi vitukuu tukakua tukisema Kiswahili ndani ya nyumba na Kiganda mlangoni. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, na alikuwa na ugonjwa wa kusahihisha lugha za watu. Aliwahi kumkatiza mtu aliyekuja mbio kutupa habari za msiba, amweleze kwamba msiba "umetokea", si "imetokea". Ndugu zangu walirithi shamba. Mimi nikarithi ule ugonjwa.

Zahanati niliyopangiwa ilikuwa nyumba ndefu ya bati karibu na njia ya reli. Akina mama wetu wengi walipanda kutoka Namuwongo, kule bondeni, nao walikuwa mchanganyiko wa kila namna: Waganda, Wanubi, wake wa askari, wake wa wafanyakazi wa reli kutoka Kenya, na Wakongo wawili watatu. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, ila kile cha Kampala, ambacho ngeli zake ni kama zilipigwa marufuku na serikali. Mkuu wetu alikuwa Sista Nalongo, mama wa mapacha kama jina lenyewe linavyosema kwa Kiganda, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vidonda.

Asubuhi ya siku ya kwanza akanipa mama mmoja nimpime. Nikasimama wima ndani ya gauni langu jeupe, nikasema kwa sauti ya baba, "Tafadhali jilaze chali kitandani, ukunje magoti, kisha uvute pumzi taratibu." Yule mama akanitazama kwa huruma, akavua viatu, akaketi sakafuni. Sista Nalongo akapita nyuma yangu na beseni. "Mama, lala. Tumbo juu." Mama akalala, tumbo juu.

"Lukia," Sista akaniambia baadaye. Jina langu ni Rukia, lakini Mganda wa makamo yake haanzi neno kwa r kama ana njia nyingine. "Kiswahiri yako iko ya halusi. Hapa tunataka ya kuzalisha."

Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kujifunza kazi. Vifaa vyetu vilikuwa kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, mashine moja ya kupimia presha iliyovuja upepo, na mikasi ambayo Sista aliinoa mwenyewe kwenye ngazi ya saruji. Sabuni ilikuwa adimu hata tukawa tunaisalimia ikija. Glavu tulizifua, tukazianika kwenye kamba, na upepo ukivuma zilitupungia mkono. Sista Nalongo alinifundisha nisiegemee vifaa. "Mashine naweza haribika. Mashine, afande naweza chukua," alisema. "Tazama kope, tazama ulimi, tazama ufizi, tazama kucha. Macho yako hakuna mtu nachukua." Miaka ile hata hilo la macho halikuwa na uhakika, lakini nilimwelewa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuuliza chakula. Mama akija na kilio chochote, hata cha kisigino, Sista aliuliza amekula nini, amekunywa nini, na nani amempa. Sukari ilikuwa haionekani madukani, chumvi ilinunuliwa kwa kujuana, na ukimuuliza mtu amekula nini alidhani unamkejeli. Sista aliuliza hivyo hivyo. Ninyi mna fomu zenye visanduku vya kutia alama. Nimezipitia zote, na kisanduku cha udongo sikukiona.

Mwaka wangu wa pili ndipo nilipofahamiana vizuri na Zaituni. Alikuwa Mnubi, binti mrefu, mcheshi, mke wa Koplo Ramadhani, dereva wa jeshi. Alikuwa amekwisha kuja kwetu mara tatu, na kila mara mimba ilitoka mwezi wa tatu. Mara ya tatu aliniomba radhi, kana kwamba amevunja kikombe chetu: "Sista, nimerudi tena. Mtanisamehe." Sasa alikuja na mimba ya nne, ya wiki saba au nane, akakaa kwenye benchi ameshika tumbo ambalo bado halijawa tumbo.

"Hii ikitoka, Ramadhani naoa mwingine," akasema. "Mama yake ameshapata msichana Bombo. Msichana mzuri, mimi mwenyewe nimemwona. Hata kupika anajua."

Sista Nalongo alikuwa na daftari lake la siri, si lile la serikali, na humo alitia nukta ya wino mwekundu kwa kila mimba iliyotoka mapema. Siku hiyo akanifungulia. Nukta za Kamwokya, mtaa mwingine wa mjini, zilikuwa chache, za kawaida, zile ambazo Mungu anazijua. Nukta za Namuwongo, tena upande mmoja tu wa Namuwongo, zilijaa ukurasa mzima. Na wanawake wale walifanana kwa mengine pia: tumbo linawanyonga, choo hakipatikani, viganja vyeupe, na mdomoni wana ladha kama wamelamba kijiko.

Sista akamsogeza Zaituni dirishani, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole, akanionyesha. Kwenye ufizi, pale jino linapoota, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyokolea, kama uzi wa kaniki. Akamwita daktari.

Daktari wetu aliitwa Odongo, kijana wa kutoka kaskazini, na ndiye aliyebaki peke yake. Wenzake wote walikuwa wamekwenda likizo nje ya nchi, likizo zile za kuchukua na vyombo vya jikoni. Alitoa damu, akaitazama kwenye hadubini yake yenye lenzi moja nzima, akatazama tena. Chembe nyekundu zilikuwa na vidoadoa.

"Ledi," akasema. "Ile metali nzito ya kijivu, ya kwenye betri za gari."

Akatueleza, nami nawaeleza ninyi kama alivyotueleza. Mwili unaidhani ledi ni chokaa ya kujengea mifupa, basi unaikaribisha ndani na kuipa chumba. Mwanamke akipata mimba, mwili unachukua chokaa mifupani umpelekee mtoto, na ledi nayo inafuatana humo humo, mgeni asiyealikwa. Miezi ile ya mwanzo ndipo moyo, ubongo na uti wa mgongo vinaposhonwa, na mimba nyingi haziwezi kuvumilia. Wanaume nao hawasalimiki, mbegu zao huharibika. Lakini mama akiacha kuila mapema, mtoto anaweza kupona. "Swali ni anaila wapi," Daktari akasema, "na tuna wiki chache."

Tukamuuliza Zaituni anakula nini. Akasema chakula. Chakula gani? Chakula tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ukunga wote ni kumbembeleza mtu aache kuficha, lakini Zaituni alikuwa akimwogopa mama mkwe wake kuliko alivyotuogopa sisi. Basi kesho yake mimi na Sista tukateremka Namuwongo kwa miguu.

Hatukuhitaji kutafuta sana. Pembeni mwa njia ya reli alikaa Jjajja Nantume, bibi kizee mwenye ngozi kama tende, na mbele yake kwenye mkeka alipanga emmumbwa. Kwa wasiojua, emmumbwa ni vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, vimeviringwa vikawa vinene kama kidole gumba na kukaushwa juani. Mja mzito husugua kimoja ndani ya maji, akanywa, ili mimba ishike. Waganda wanavitumia tangu zamani, na majirani zao wa makabila yote wamevipenda. Mimi sina ugomvi na emmumbwa. Ugomvi wangu ni na shimo.

"Zangu ndiyo nzuri Kampala yote," Jjajja akatuambia. "Zangu zina utamu. Sukali hakuna mjini, lakini kwangu iko kidogo."

Sista Nalongo akamuuliza utamu unatoka wapi. Zamani Jjajja alifuata udongo mbali, lakini tangu petroli ipotee hakuna gari la kumpeleka, kwa hiyo sasa anachimba hapo nyuma. Tukaenda hapo nyuma. Palikuwa na banda la mafundi wawili waliofufua betri kuukuu za magari. Walizipasua kwa nyundo, wakayeyusha bamba za ndani katika sufuria, na takataka zote na maji yake makali wakamwaga shimoni. Shimo lile ndilo lililokuwa na udongo laini, wa kijivu, wenye utamu wa mbali. Ledi ikichanganyika na vitu fulani hupata utamu, Daktari alituambia baadaye. Mungu ana majaribu yake. Mafundi wenyewe walilalamika kwamba wake zao ni tasa. Mmoja alikuwa ameoa wa pili, mwingine amefika wa tatu, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka nyundo yake.

Jjajja Nantume alikasirika tulipomwambia aache. Alisema amewashika watoto wa watu tumboni tangu sisi hatujazaliwa, kisha, kuonyesha kwamba hana kinyongo, akanipa kijiti kimoja cha bure nikiweke mpaka nitakapopata mume.

Daktari Odongo akasema huyu bibi hatusikilizi, basi tuwaambie akina mama wenyewe, kwa tangazo. Kila mtu akanigeukia mimi, mjukuu wa pwani. Nikaomba karatasi kubwa na wino. Nilitafuta jina la ledi kwa Kiswahili sanifu, na sikuwa na haja ya kutafuta mbali, kwa sababu baba alitufundisha majina ya madini yote: dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi. Nikaandika hivi:

"TAHADHARI KWA WANAWAKE WOTE. RISASI IMEJAA KATIKA UDONGO WA NAMUWONGO. RISASI HUINGIA MWILINI MWA MAMA NA KUUA MTOTO TUMBONI. TAFADHALI JIEPUSHENI NA RISASI. ATAKAYEJUA RISASI ILIPO AFIKE ZAHANATI. SISTA RUKIA."

Ngeli zote zilikaa mahali pake. Nililisoma mara tatu kwa raha tu.

Sista Nalongo aliishika karatasi kwa mbali, akavua miwani, akaivaa tena. "Lukia, hii lisasi ni nini?"

"Ni ledi, Sista. Kwa Kiswahili sanifu."

"Na ile ya bunduki?"

"Hiyo nayo ni risasi. Jina moja, maana mbili. Lakini mtu akisoma sentensi nzima ataelewa."

"Kale," akasema, yaani haya kwa Kiganda. "Mimi naogopa maneno ya kulia paa kama bunduki."

Nikamwona mshamba, Mungu anisamehe. Nikabandika nakala moja mlangoni kwetu, moja karibu na mkeka wa Jjajja, na moja kwenye nguzo ya kituo cha reli.

Siku ya kwanza hakuja mama hata mmoja. Siku ya pili tukasikia kwamba nusu ya wanawake wa Namuwongo wamefunga mizigo na kukimbilia kwa ndugu zao Ggaba, kando ya ziwa, kwa sababu zahanati imetangaza vita. Wale mafundi wa betri hawakujua kusoma. Waliona watu wanakimbia, wakakimbia nao, na wakafika Ggaba kabla ya wengi waliotangulia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Landrova ya jeshi ikasimama mlangoni petu.

Ninyi mliozaliwa juzi hamjui Landrova ile ilikuwa na maana gani. Kulikuwa na watu waliopanda gari kama lile kwenda kujibu swali moja, na mpaka leo hawajamaliza kujibu. Akashuka Kapteni. Jina lake silitaji, wajukuu zake ni watu wazuri na mmoja nimemzalisha. Dereva wake alikuwa Koplo Ramadhani, mume wa Zaituni, akasimama mlangoni mikono nyuma. Kapteni akaingia chumba cha kujifungulia, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kile kitanda chetu chenye vyuma vya kuwekea miguu. Hatukumwambia ni cha nini. Alikuwa na tangazo langu mkononi.

"Nani ndio Sista Rukia?"

"Mimi, Afande."

"Wewe nasema askari napiga risasi tumbo ya mama?"

"La, Afande. Risasi niliyoikusudia si ya bunduki. Ni madini."

Jicho lake likafunguka. "Madini. Kumbe wewe nafanya magendo ya madini."

"Hapana, Afande, ni ile risasi ya kwenye betri."

"Betri ya nini? Ya redio? Nani naongea na wewe kwa redio?"

Kila nilipofungua mdomo kujiokoa niliongeza kosa jipya. Nilikuwa nimeingia mchochezi, nikawa mlanguzi, sasa nimefika jasusi, na bado ilikuwa haijafika saa tano. Kapteni akarudi kwenye karatasi, akafuata maandishi kwa kidole. Herufi zangu kubwa zilikuwa nzuri, lakini U yangu niliipinda juu kwa madaha, ikakaribia kufunga mduara.

"Hapa umesema mwenyewe. Risasi imejaa kwa Odongo. Huyu Odongo wa Namuwongo iko wapi?"

Daktari Odongo alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, chumba cha dawa, akisikia kila neno. Miaka ile wanajeshi waliwawinda watu wa kwao, na jina lile la kaskazini lilikuwa tayari linamtosha kwa matatizo, hakuhitaji na kosa langu la mwandiko. Kiswahili chote cha babu zangu kilinikimbia kwa pamoja.

Sista Nalongo akasogea mbele, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili. "Afande. Udongo. Hii ya chini. Ya kupanda viazi."

Kapteni akaitazama sakafu. "Risasi iko chini ya udongo?"

"Ndiyo, Ssebo," Sista akajibu kwa heshima ya Kiganda. "Namuwongo. Nyuma ya banda. Mimi naonyesha wewe."

"Nani nazika?"

"Watu ya betri. Wamekimbia."

Hakuna uongo hata mmoja katika maneno yale. Nimeyapima miaka yote, sijaupata. Kapteni akasimama, akasema tunaenda kuchimba, na mimi na Sista tukapandishwa nyuma ya Landrova, na lori la askari wenye makoleo likatufuata.

Namuwongo ilikuwa kimya. Jjajja Nantume peke yake alikuwepo, kwa sababu miguu yake haikumruhusu kukimbia na ulimi wake haukumruhusu kuogopa. Kapteni akauona mkeka. Akaona vijiti vimepangwa safu safu, vinene, vya kijivu, vimechongoka kidogo upande mmoja. Akainua kimoja kwa vidole viwili, akakitazama kwa jicho moja, akanigeukia.

"Na hii? Hii nani naita kama si risasi?"

"Ssebo, hiyo ni ya mimba," Jjajja akasema.

"Mimi najua silaha, mama. Miaka mingi."

Askari wakachimba mpaka jua likapita utosini. Walitoa bamba za betri zilizooza, mapande mazito ya ledi iliyoganda kama mikate, na udongo wa kijivu kwa mamia ya makoleo. Kapteni akapima pande moja mkononi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii ni risasi bado haijapikwa," akawaambia vijana wake, na kwa kweli hakukosea, maana risasi za bunduki hutoka humo humo. Akaamuru kila kitu kipakiwe: bamba, sufuria, mapande, vijiti vyote vya Jjajja, na udongo wenyewe mpaka ule mwekundu wa chini utokeze, kwa kuwa ni ushahidi. Ilichukua safari za lori tano. Serikali ambayo ilishindwa kutuletea sabuni ilisafisha shimo lile katika siku moja, bila ombi wala barua. Waliumwaga wapi udongo ule sikuambiwa. Naomba tangu siku hiyo iwe mahali ambapo hakuna mama anayechimba.

Lori lilipokuwa linapakiwa, Koplo Ramadhani akanijia pale niliposimama. Alikuwa na kijiti kimoja cha emmumbwa kiganjani, na aliongea bila kunitazama.

"Sista. Hii nanunua mimi. Kila juma. Mama yangu nasugua kwa maji ya Zaituni asubuhi, kabla ya chai." Akakigeuza kile kijiti kiganjani. "Hii ndio nakula mtoto tumboni?"

"Hii ndiyo, Koplo."

"Leo asubuhi amekunywa."

"Basi kesho asinywe."

Alitikisa kichwa. Mama yake, akasema, hamsikilizi mtu, wala shehe, wala daktari. Akafikiri kidogo, nikaona uso wake unabadilika. Habari za jioni ile alinisimulia Zaituni mwenyewe. Ramadhani aliingia nyumbani na viatu vyake vya jeshi, akasimama katikati ya sebule, akamwambia mama yake kwa sauti ya gwaride kwamba kuanzia leo atakayekutwa na emmumbwa za Namuwongo atashtakiwa kwa kuweka silaha bila kibali, Kapteni ameagiza. Bibi yule, ambaye hakuwa amemwogopa mtu tangu afiwe na mumewe, alizitupa zote chooni, na kwa tahadhari akatupa na mwiko.

Mimi na Sista tulirudishwa zahanati kwa Landrova ile ile. Nilisikia kwamba Kapteni alisifiwa kwa kugundua ghala la silaha. Daktari Odongo alikaa nasi miezi michache, kisha naye akaenda likizo, akabeba na vyombo. Sista Nalongo akabandua tangazo langu na kuandika la kwake: "MAMA, USIKULE UDONGO YA HAPA. MIMBA NATOKA." Nilihesabu makosa, nikanyamaza. Wanawake walirudi kutoka Ggaba, wakalisoma, wakalielewa wote. Jjajja Nantume alitununia mwezi mzima, halafu akapata wachuuzi wa samaki wa kumletea udongo kutoka huko Ggaba. Wateja wake walisema hauna utamu, tena unanuka dagaa, lakini walinywa.

Zaituni alikuja kila wiki, hata tulipomwambia aje kila mwezi. Wiki ya kumi alikuja. Wiki ya kumi na mbili, ile aliyokuwa hajawahi kuivuka, alikaa kwenye benchi tangu tulipofungua mpaka tulipofunga, hataki kupimwa, hataki kwenda nyumbani. Alisema anataka tu kuwa karibu. Tulimpa kazi ya kukunja pamba. Tumbo lilipojitokeza alitembea nalo mbele ya mama mkwe wake kutwa nzima, akijifanya ameangusha kitu. Msichana wa Bombo aliolewa na mtu mwingine, na Zaituni akaenda kumpikia pilau ya harusi.

Alijifungua mchana, baada ya adhuhuri, kwa mikono yangu, Sista Nalongo amesimama kando. Mtoto wa kike, mdogo, amekunjamana, mwenye kelele za kutosha zahanati mbili. Nje Ramadhani alisikia, akapiga honi ya gari la serikali mpaka akakatazwa. Nikamfuta mtoto, nikamweka kifuani pa mama yake. Nilitegemea atacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Alimtazama mtoto muda mrefu, akamhesabu vidole, kisha akanitazama mimi.

"Sista Rukia. Wale watatu, niliwaua mimi? Kwa kunywa?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kitabuni, nikayaacha.

"Ulikunywa kwa sababu uliwataka," nikamwambia.

Akanipa mtoto nimshike, akageukia ukutani, akalia kilio chake chote cha watu watatu. Mimi nikakaa kando yake na mtoto mpaka alipomaliza.